Nina ajira ya kudumu ya miaka 11, nimepewa kandarasi ya miezi 9 kwa mshahara maradufu: nisaidieni kupima

Karani wa Donholm

Hamjambo nyote. Jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki tatu, na sasa nimeona heri niliandike lote kwa utaratibu, ili atakayenishauri anishauri kwa kujua hali yangu ilivyo.

Kwa miaka 11 nimefanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha iliyo kando ya Barabara ya Mombasa, hapa Nairobi. Niliingia nikiwa mpeleka nyaraka, yule kijana anayekimbia na bahasha kati ya ofisi na bohari ya makontena ya Embakasi, na leo ndimi ninayesimamia matamko yote ya mizigo ya dawa na vifaa vya hospitali. Ajira yangu ni ya kudumu na yenye pensheni. Mshahara kabla ya makato ni shilingi 92,000, na baada ya kodi, NSSF, bima ya afya na tozo ya nyumba hubaki 66,000 na ushei, kabla Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, haijachukua chake.

Mwezi uliopita shirika moja la kimataifa lenye ofisi upande wa Westlands liliniita kwenye usaili, nami nikaenda kwa siri kama mtu anayekwenda kwa mganga. Wamenipa kandarasi ya miezi 9 ya kusimamia uingizaji na uhifadhi wa vifaa vya maabara kwa mradi wao, kwa shilingi 185,000 kwa mwezi. Barua yao inasema kwamba kandarasi hiyo "inaweza kuongezwa kutegemea upatikanaji wa fedha". Sentensi hiyo nimeisoma hadi nimeihifadhi kwa moyo, na bado sijui kama ni ahadi au ni kinga.

Mke wangu anafundisha chekechea katika shule ya binafsi. Binti yetu wa kwanza yuko Gredi ya 9 na mwaka huu wa 2025 anafanya mtihani; Januari ataingia Gredi ya 10 pamoja na kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya wa umilisi, na kwa hiyo hatuna hata jirani wa kumuuliza gharama zitakuwa ngapi. Kodi ya nyumba ni 28,000. Mkopo wa Sacco umebaki 410,000.

Je, mtu mwenye umri wa miaka 39 na majukumu haya ana akili timamu akiacha kazi ya kudumu kwa ajili ya miezi 9?

Mama Wawili

Ndugu Karani, sitakuambia uende wala ubaki. Nitakueleza yaliyonikuta, kisha uyapime mwenyewe.

Niliacha kazi ya kudumu katika maabara ya hospitali moja ambayo sitaitaja, nikajiunga na mradi wa utafiti kwa kandarasi ya mwaka mmoja. Kandarasi hiyo iliongezwa mara mbili, nami nikaanza kuishi kana kwamba ni ya kudumu, na hapo ndipo nilipokosea. Tulihama kutoka nyumba ya vyumba viwili hadi ya vitatu, na mtoto tukamhamishia shule yenye basi. Mradi wetu ulitegemea mfadhili mmoja. Siku moja ya Ijumaa tuliitwa kwenye chumba cha mikutano saa nane mchana, na kufikia saa kumi nilikuwa nje ya geti nimebeba katoni ya karatasi za kunakilia yenye kikombe changu, viatu vya maabara na picha ya watoto. Kompyuta na kitambulisho vilibaki kwa mlinzi, ambaye alinipa daftari nitie sahihi kwamba nimevirudisha. Nakumbuka kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye meza.

Mshahara ulionekana mkubwa kwa sababu ndani yake mlikuwa na kipindi hicho cha kukaa bila kazi, nami nilikuwa nimekila kabla hakijafika. Nilikaa miezi saba.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: mradi huo una wafadhili wangapi, na fedha za miezi hiyo 9 zimeshaingia benki au zinasubiriwa?

Hesabu Kwanza

Naomba nianze na hesabu kabla hatujafika kwenye moyo, kwa sababu wengi wanaoumia kwenye kandarasi huumizwa na kodi wasiyoijua.

Karani, angalia kama barua hiyo inakuita mfanyakazi au mshauri. Hili si suala la cheo. Ukiwa mfanyakazi kwenye orodha ya mishahara, kutoka kwenye 185,000 yatakatwa makato yale yale unayoyajua: NSSF 4,320 kwa viwango vya mwaka huu wa 2025, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, kisha kodi ya mapato. Kwa hesabu yangu utabaki na takriban 128,600. Sasa unapata takriban 66,250. Tofauti ni kama 62,300 kwa mwezi, na kwa miezi 9 ni takriban 561,000. Hiyo ndiyo bei halisi wanayokulipa ili uache neno "kudumu". Si maradufu ya chochote. Ni laki tano na nusu hivi, sawa na miezi minane na nusu ya mshahara unaopeleka nyumbani sasa.

Ukiwa mshauri, mambo hubadilika kabisa. Watakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, yaani 9,250, na kila mwezi utaona 175,750 ikiingia kwenye akaunti. Utafurahi, na furaha hiyo ndiyo mtego, kwa kuwa asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Tuchukulie miezi yote 9 imeangukia mwaka mmoja, huna mapato mengine, na huna gharama za kuondoa. Mapato yako yatakuwa 1,665,000, na kodi yake, baada ya nafuu ya kodi ya 28,800, ni 408,100. Walizozuia ni 83,250. Zilizobaki, karibu 325,000, utatakiwa uzilipe KRA, yaani mamlaka ya mapato, mwenyewe. Nimewaona watu wazima wakikaa kimya mbele ya kompyuta mwezi wa Juni, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya tarehe 30 ya kuwasilisha ritani, wakiangalia tarakimu hiyo kana kwamba mtandao umekosea.

Isitoshe, mshauri hulipa bima ya afya mwenyewe, na asiye na mwajiri hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mbele.

Karani wa Donholm

Nashukuru sana, Hesabu Kwanza. Nimeirudia barua. Ukurasa wa kwanza unasema "mshauri" na ukurasa wa tatu unasema "mfanyakazi atafuata saa za kazi za shirika". Nadhani hata wao hawajaamua mimi ni nani.

Mama Wawili, pole sana kwa yaliyokupata. Kuhusu wafadhili, nitauliza.

Kijana wa Roysambu

Wakubwa wangu, naheshimu mnayoyasema, lakini naona uzi huu unaelekea kumtisha mtu.

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta na sijawahi kuwa na ajira ya kudumu tangu nimalize chuo miaka saba iliyopita. Nimekuwa na kandarasi za miezi 3, za miezi 6, na moja ya mwaka na nusu. Wenzangu walioajiriwa kwa kudumu mwaka ule ule niliomaliza, wawili wamepunguzwa kazini na mmoja kampuni yake ilifungwa kabisa. Tofauti kati yangu na wao ni kwamba mimi nilijua tarehe ya mwisho, nikaanza kutafuta kazi nyingine miezi mitatu kabla yake, ilhali wao waliipata kwa barua pepe.

Karani mwenyewe anafanya kazi ya forodha. Ajiulize ni nini kilichotokea kwenye bohari ya Embakasi mwaka wa 2022, kisha atuambie neno "kudumu" lina maana gani.

Karani wa Donholm

Umenigusa penye kidonda, ndugu yangu. Kwa wasiojua: mwaka wa 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yanayokuja Nairobi yapakiwe kwenye treni ya reli mpya na kuondolewa ushuru hapa Embakasi. Kampuni zetu zikaongeza watu, zikakodi ofisi, zikanunua meza. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto alitangaza kwamba uondoaji wa mizigo unarudi Mombasa. Watu wa Pwani walikuwa na haki ya kushangilia, maana kazi zao ndizo zilizokuwa zimehamishwa kwanza. Lakini kwetu, hadi mwisho wa mwaka ule, safu nzima ya meza upande wa dirishani ilikuwa tupu, na wote waliokuwa wakizikalia walikuwa na barua za ajira ya kudumu kama yangu. Mimi nilibaki kwa sababu mizigo ya dawa ina masharti yake na hakuna mwingine aliyeyajua vizuri.

Na tangu Juni mwaka huu kuna minong'ono tena ofisini.

Msoma Sheria

Minong'ono hiyo ungeitaja mapema, Ndugu Karani, kwa sababu inabadilisha hesabu.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu ambayo si kosa lao lazima atoe notisi ya mwezi mmoja, na amlipe kila mmoja fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Wewe una miaka 11, yaani siku 165. Kwa mshahara wa 92,000, hizo ni laki tano na ushei, mbali na siku za likizo ambazo hujazichukua. Ukijiuzulu leo, fidia hiyo huipati. Linganisha na zile 561,000 za Hesabu Kwanza, uone kwamba mtu anayeacha kazi katika kampuni inayoyumba huenda anabadilisha laki tano kwa laki tano. Bila shaka, minong'ono si barua, na kampuni inaweza kuyumba miaka mitano bila kuanguka. Sikuambii usubiri kufukuzwa ndipo ulipwe. Nasema tu kwamba ukiamua kuondoka, ujue unaacha nini.

Sasa kuhusu kandarasi yenyewe. Mahakama zetu za ajira zimeshikilia mara nyingi kwamba kandarasi yenye tarehe ya mwisho huisha yenyewe tarehe hiyo ikifika, bila mwajiri kudaiwa sababu, na kwamba maneno kama "inaweza kuongezwa" hayampi mtu haki ya kuongezewa. Kwa hiyo sentensi uliyoihifadhi kwa moyo, isahau. Panga kama mtu mwenye miezi 9 kamili na si siku moja zaidi.

Halafu tafuta kifungu cha kipindi cha majaribio. Sheria inaruhusu majaribio ya hadi miezi 6, na katika kipindi hicho notisi ya kuvunja mkataba ni siku 7 tu. Nimeona kandarasi za miezi 9 zenye majaribio ya miezi 6 ndani yake. Mtu anadhani ana miezi 9, kumbe kwa theluthi mbili ya muda huo ana siku 7. Uliza majaribio yawe mwezi mmoja, na baada ya hapo notisi iwe siku 28 kwa pande zote mbili. Na kama kweli watakuweka kama mshauri, ujue kwamba Sheria ya Ajira haikulindi: huna likizo ya lazima, huna siku za ugonjwa zenye malipo, huna kifungu cha 45 kinachokataza kufukuzwa isivyo haki.

Mzee wa Buruburu

Wanangu, nimesoma yote haya nikatabasamu. Mwaka wa 1993 serikali ilipoanzisha mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, nilikuwa karani katika wizara ambayo haina haja ya kutajwa. Kazi ya serikali wakati ule ilikuwa ndiyo mwamba wenyewe. Mama yangu mzazi alikuwa akiwaambia majirani kwamba kijana wake "ameandikwa", na neno hilo peke yake lilitosha kunipatia mke.

Nilichukua kitita kile kwa hiari, nikanunua nusu ya matatu na shemeji yangu. Sitaeleza zaidi kuhusu matatu hiyo. Baadaye, mwaka wa 2000, waliobaki nao wakaanza kupunguzwa, na safari hiyo hakuna aliyeulizwa hiari.

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia Karani ni hili: nilipoondoka, nilidhani ninaondoka peke yangu. Kumbe kulikuwa na watu walioniegemea bila mimi kujua: mpwa niliyemlipia karo, fundi wa nguo aliyenikopesha kwa kuwa naonekana ofisini, na rafiki yangu mmoja ambaye nilikuwa nimemwekea sahihi ya mkopo. Huyo wa mwisho tulikaa miaka minne bila kusalimiana. Basi, kijana wangu, kabla ya kuhesabu shilingi, hesabu watu.

Mke wa Mwenye Kandarasi

Nami naomba kuongeza la nyumbani, kwa sababu naona wanaume wanahesabu na wake zao hawajaulizwa.

Mume wangu yuko kwenye kandarasi kwa mwaka wa sita sasa. Fedha si mbaya, hata kidogo. Kinachochosha ni ule mwezi wa mwisho kabla ya kila kandarasi kuisha. Anaanza kuchukua simu na kutoka nayo kwenye veranda. Anazima taa za chumba ambacho watu wamo. Mtoto akiomba fedha za safari ya shule anajibiwa "tutaona", na watoto wetu wameshajifunza kwamba "tutaona" ni jina la msimu, kama masika. Karatasi ya kuongezewa ikija, nyumba nzima inapumua, na hakuna anayezungumzia tena mpaka mwaka ufuatao.

Tulichofanya mwaka wa tatu ni kukubaliana kwamba tunaishi kwa mshahara wa kazi yake ya zamani, kana kwamba hakuwahi kuiacha. Ziada inaingia kwenye akaunti ambayo yeye na mimi lazima tutie sahihi pamoja. Tumeigusa mara mbili tu. Ndugu Karani, mwambie mwalimu wako wa chekechea asome uzi huu mwenyewe.

Kijana wa Roysambu

Dada, hilo la akaunti ya sahihi mbili nimelinakili. Mzee wetu, shikamoo. Lakini Karani si mzazi wa ofisi nzima. Kila mtu mzima aliyetia sahihi alijua anachotia.

Karani wa Donholm

Kijana, nilikuwa na maoni kama yako hadi Jumatano iliyopita. Samahanini kwa urefu, lakini hapa ndipo penye uzito kuliko penginepo.

Mkopo wangu wa Sacco una wadhamini watatu, wote wafanyakazi wenzangu. Nami nimewadhamini wawili: dada mmoja wa idara ya uhasibu, na dereva wa foklifti wa bohari yetu. Makato yetu yote hutoka moja kwa moja kwenye mshahara kabla haujatufikia, na ndiyo maana hakuna anayefikiria udhamini baada ya siku ya kutia sahihi. Sacco yetu inaruhusu anayeacha kazi abaki mwanachama na alipe kupitia benki. Kwa hiyo, kwenye karatasi, hakuna tatizo: mshahara mpya unatosha kulipa marejesho mara mbili.

Nilimwendea dereva kwenye kibanda cha chakula nyuma ya bohari ili nimpe habari mapema, kwa kuwa yeye pia ni mmoja wa wadhamini wangu. Alikuwa akila githeri. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa kijiko kwa kidole gumba, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na miezi 9 ikiisha, bosi, nikikatwa mimi, nitakupata wapi?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amedhamini mtu anayekaa ghorofa ya kwanza, meza ya tatu, ambaye anaweza kupanda ngazi na kumtazama usoni. Mshahara wake ni 31,000. Akiba yake ya miaka tisa ndiyo iliyosimama nyuma ya sahihi yangu.

Nikaelewa kwamba ile ajira ya kudumu haikuwa yangu peke yangu. Tulikuwa tumeisimamisha pamoja, kama mahema ya sokoni yanayofungwa kamba moja. Ukifungua lako, la jirani linalegea.

Nimeamua hivi. Sitaondoka nikiwa na deni lililoshikiliwa na akiba za watu wengine. Akiba yangu kwenye Sacco ni 360,000. Nimeomba ifidie mkopo, na zile 50,000 zinazobaki nizilipe taslimu kutoka kwenye fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya kubadilisha friji. Friji ya zamani itaendelea kunguruma. Tatizo ni kwamba kanuni za Sacco hazimruhusu mwanachama kutoka wakati bado amedhamini wengine. Dada wa uhasibu na dereva lazima wapate wadhamini wapya badala yangu, na wadhamini, kama mnavyojua, hawaokotwi.

Hesabu Kwanza

Kwa hesabu kavu, unapoteza. Unaanza kandarasi ukiwa huna akiba ya Sacco, na mtu asiye na akiba ndiye anayehitaji kukopa kwa masharti mabaya miezi 9 ikiisha. Ningekushauri ubaki mwanachama, uweke agizo la benki la kulipa kila mwezi, na uweke fedha za marejesho ya miezi minne pembeni kama kinga ya wadhamini wako. Lakini naelewa kwa nini umeamua ulivyoamua, na sitabishana na swali la dereva.

Msoma Sheria

Kabla ya yote hayo: usipeleke barua ya kujiuzulu mpaka uwe na kandarasi mpya iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Barua ya ahadi si kandarasi. Na usisahau kudai cheti cha utumishi siku ya mwisho. Mwajiri analazimika kukupa.

Mama Wawili

Je, uliwauliza kuhusu wafadhili?

Karani wa Donholm

Niliuliza, dada, na swali hilo lilibadilisha uso wa aliyekuwa akinijibu. Nadhani si wengi wanaoliuliza. Mradi una wafadhili wawili. Fedha za miezi 9 ziko mkononi, na hasa ndiyo sababu kandarasi ni ya miezi 9 wala si 12: wameniandikia muda ambao wana uhakika nao. Kusema kweli, jibu hilo lilinipa imani kuliko kama wangeniahidi miaka mitatu. Baada ya amri ya Januari mwaka huu iliyosimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, Nairobi hii imejaa watu waliokuwa na kandarasi ndefu ambazo hazikuwa na fedha nyuma yake.

Mama Wawili

Basi hao angalau wanajua kuhesabu. Nenda na moyo mkunjufu kidogo, si sana.

Karani wa Donholm

Narudi baada ya wiki sita, kwa kuwa wengine mmeniuliza kilichoendelea.

Shirika lilikubali kuniweka kwenye orodha ya mishahara kama mfanyakazi. Majaribio yamekuwa ya mwezi mmoja, na notisi ni siku 28 baada ya hapo. Muda haukuongezwa na mshahara haukuongezwa, lakini walikubali kusogeza tarehe ya kuanza kwa mwezi mzima nilipowaambia nina jambo la kumaliza kazini. Hawakuuliza ni jambo gani, nami sikuwaeleza kwamba ni dereva wa foklifti. Bima ya matibabu wanayotoa inamfikia mke na watoto, ila haina meno wala macho. Mke wangu amesoma uzi huu wote, na tumefungua akaunti ya sahihi mbili.

Dada wa uhasibu alipata mdhamini siku ya tatu, kwa sababu anaheshimika na kila mtu. Dereva alihangaika wiki nne. Wawili walimkubalia kisha wakaghairi, mmoja kwa kuwa mke wake alikataa, mwingine bila kutoa sababu. Jumanne iliyopita alipanda ngazi akiwa na fomu aliyoikunja mara nne na kuiweka ndani ya kofia yake ya kazi. Aliyetia sahihi ni mlinzi wa zamu ya usiku. Karatasi ilikuwa na alama ya gumba ya grisi pembeni, na karani wa Sacco aliitazama sana alama hiyo kabla ya kupiga muhuri. Jina langu lilifutwa kwa mstari mmoja wa wino wa bluu.

Jana nilipeleka barua ya kujiuzulu. Meneja aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani, na baada ya miaka 11 swali lake la kwanza lilikuwa ni nani mwingine anayejua nenosiri la mfumo wa matamko. Nilimjibu kwamba hakuna, lakini kwamba yule kijana mpya anayekimbia na bahasha ana kichwa chepesi na ninaweza kumfundisha katika siku hizi 28. Tumeanza leo saa mbili asubuhi, na kufikia saa sita alikuwa amekwishakosea msimbo wa sindano mara mbili na kuurekebisha mwenyewe mara moja.